Msumeno Wenye Sifa

Moshi ulitoka kabla tawi la kwanza halijaanguka. Nilikuwa nimesimama juu ya paa la jiko, mguu mmoja kwenye saruji na mwingine kwenye shina, na msumeno wa betri ulikuwa unalia mikononi mwangu kwa sauti ambayo sikuipenda, sauti ya chuma kikavu kinachokwaruzana na chuma kikavu. Nikauzima. Ule ubapa mrefu unaozungukwa na mnyororo, mimi huuita upanga, ulikuwa umegeuka rangi ya samawati pembeni. Nikalowesha kidole kwa mate nikaugusa. Mate yakachemka.

Chini uani, shemeji wa mwenye nyumba alikuwa ameinua uso kunitazama, mikono ameifunga nyuma, kanzu yake nyeupe haina hata mkunjo.

"Ushachoka?" akauliza.

"Msumeno ndio uliochoka, mzee."

"Basi na upumzike. Na nyumba nayo ipumzike. Imesimama muda mrefu."

Mwenye nyumba alikuwa amekaa kwenye kibao karibu na mlango wa jiko, uteo wa mchele mapajani, akitoa mawe. Hakuinua uso. "Mwambie ashuke anywe kahawa," akasema, "na weye shemeji wende zako, uani kwangu hapana sinema."

Nyumba yenyewe iko Mji wa Kale, kwenye kichochoro ambacho watu wawili wakikutana, mmoja kabeba godoro, lazima mmoja arudi nyuma. Ni ya mawe ya matumbawe na boriti, ghorofa moja juu, na ilikuwa ya mumewe yule mama mpaka mume alipofariki. Baada ya hapo ikawa ya mirathi. Yeye ana fungu lake, mwanawe aliyeko Uarabuni ana lake, na shemeji ana lake. Shemeji alitaka kuuza. Alikuwa ameshapata mnunuzi, mtu wa kutaka bohari ya kuweka marobota ya nguo, na mnunuzi hakutaka bohari yenye mwanamke ndani yake.

Sababu aliyoishika shemeji ilikuwa ule mti. Ni mti wa jamii ya mkuyu, ule ambao haupandwi na mtu. Kunguru alikula tunda mahali fulani, akaja kutua juu ya ukuta wa nyuma, na kilichofuata ni mti wenye shina nene kama paja langu, umekaa kwenye ukuta kama mtu aliyekaa dirishani, mizizi imeingia katikati ya mawe na kufungua ufa kutoka juu mpaka usawa wa dirisha la jiko. Wazee wa ukoo waliitwa wakakata shauri: mti ukiondolewa na ufa ukazibwa kabla ya mvua za masika, nyumba haiuzwi maadamu yule mama yu hai. Mti ukibaki, nyumba ni ya hatari, itauzwa, na mama atahamia Mbaraki kwa jamaa zake.

"Mbaraki ntalala sebuleni," aliniambia siku niliyomuuliza. "Kila usiku ningoje watu wamalize televisheni ndipo nitandike. Mie huyo?"

Mafundi wawili wa misumeno ya petroli walikuja wakatazama wakakataa. Paa la jiko ni dogo, uani hakuna pa kukimbilia, na wa jirani hawakutaka kelele na moshi dirishani kwao. Ndipo mwanawe akaleta ule msumeno wa betri, kwa mkono wa mtu aliyekuwa anarudi nyumbani, umefungwa kwenye shuka katikati ya sanduku. Ukakaa chini ya kitanda cha mama zaidi ya mwezi kwa sababu hakupatikana wa kuushika.

Mimi nilikuwa nimepanga chumba cha chini, kile cha pembeni mwa ngazi. Nimezaliwa Bondeni, marehemu baba alikuwa akishona viti vya magari, na shule niliiacha mapema kwa sababu sikuweza kukaa. Hiyo ndiyo sababu, wala sina nyingine ya kuipamba. Nimefanya kazi Voi, nimefanya Lamu, nimevuka mpaka hadi Tanga, na kila mahali nilipofika nilifungua kitu: feni, cherehani, mashine ya barafu, saa ya msikiti mmoja ambayo mpaka leo iko mbele kidogo lakini inakwenda. Mama yule hakuniuliza natoka wapi wala ni mwana wa nani. Aliniuliza kama naweza kulala na mlio wa paka. Nikasema naweza. Akanipa ufunguo.

Kwa hiyo aliponiuliza kama naweza kuushika msumeno, sikufikiri sana. Na shemeji aliposema mbele yangu kwamba kazi ile haiwezekani, nikawa sifikiri tena kabisa. Kuna watu huweza kuvumilia kuambiwa kitu hakiwezekani na mtu ambaye hajakifungua. Mimi siwezi.

Siku ile ya moshi, nilipokuwa nakunywa kahawa, nilimuuliza mama kama msumeno una mafuta. Mashine kama ile ina tangi dogo la mafuta ubavuni. Mafuta hayaendeshi chochote, betri ndiyo inayoendesha. Kazi yake ni kulainisha mnyororo unapozunguka upanga. Yakikosekana, mnyororo unajila wenyewe.

"Mashine hino haina upungufu," mama akanijibu. "Sifa nshaitia, tele. Kwa mkono wangu mwenyewe."

Nikatabasamu. Nilijua ameshaisifu ile mashine kwa kila mwanamke wa kichochoro kile, kwamba mwanawe kaileta, kwamba haina kelele, kwamba hata yeye angeweza kuishika lau si magoti. Nikafungua kifuniko cha tangi nikachungulia. Kweli limejaa. Nikafunga.

Limejaa, na mnyororo ni mkavu. Hapo ndipo udadisi ulipoamka.

Asubuhi iliyofuata niliupeleka msumeno kwa mzee wa duka la vyuma kule Bondeni, Mhindi aliyenijua tangu nilipokuwa nikitumwa na baba kununua misumari. Aliugeuza mara moja akaurudisha juu ya meza.

"Pampu ya mafuta hii hakuna, bhai. Hapa mjini hupati. Tupa, nunua hii mpya."

"Nikitupa utaokota wewe."

Akacheka na tumbo lote. "Nitaokota, ndiyo. Sema, mafuta ndani yanapungua?"

"Hayapungui hata tone."

"Basi hayatoki. Ama pampu imekufa, ama njia imeziba." Akachana ubavu wa boksi la taa akanipa. "Weka hii mbele ya ncha, lakini isiguse. Kimbiza mashine. Ikichora mstari wa mafuta, iko nzuri. Isipochora, usikate kitu, utaniletea maiti."

"Na kama ni njia?"

"Kama ni njia, wewe si unapenda kufungua? Fungua. Mimi nina wateja."

Nikarudi kwa miguu, msumeno nimeubeba begani ndani ya gunia, watu wa vichochoroni wakinipisha kuliko wanavyopishwa mashekhe. Shemeji alikuwa barazani kwa jirani. "Haya, bingwa," akasema, "umeupeleka hospitali?"

"Daktari kasema utaishi."

"Na wewe cheti chako cha udaktari umekitoa wapi?"

"Nilikitoa pale ulipotoa cha uinjinia, mzee, siku uliyosema ukuta utaanguka."

Wenzake wa barazani wakacheka. Yeye hakucheka. "Ijumaa baada ya swala naja na mgeni," akasema taratibu. "Wazee walisema kabla ya mvua. Mimi sikatazwi kumwonyesha mtu nyumba. Akiukuta mti, nitawarudia wazee niwaambie mti haukatiki."

Nikaingia uani nikatandika gazeti. Kabla ya yote nikachomoa betri, kwa sababu vidole vyangu navipenda. Nikaanza na cha nje, nikienda ndani. Nikafungua kifuniko cha ubavuni kwa spana, nikatoa mnyororo na upanga. Unga wa mbao ulikuwa kidogo tu, mashine ilikuwa mpya. Nikapitisha waya mwembamba kwenye mfereji wa upanga, mwanzo hadi mwisho, na kwenye lile tundu dogo ambamo mafuta huingia. Safi. Nikageuza upanga juu chini, nikarudisha kila kitu, nikatia betri, nikaelekeza ncha kwenye kadibodi ya mzee wa duka.

Kadibodi ikabaki kama ilivyotoka dukani.

"Yasemaje?" mama akauliza. Alikuwa juu ya kibao chake, leo anakuna nazi.

"Haisemi kitu."

Nikalegeza kifuniko cha tangi. Tangi lisipoingiza hewa, mafuta hayatoki, sawa na kopo la maziwa lililotobolewa tundu moja tu. Nikakimbiza tena kifuniko kikiwa kimelegea. Kavu. Nikatoa tena upanga na mnyororo, nikaiendesha mashine ikiwa uchi ili nione pale kwenye mwili wake ambapo mafuta yanapaswa kuchuruzika. Pakavu. Basi tatizo halikuwa kwenye upanga wala kwenye kifuniko. Lilikuwa ndani, baina ya tangi na pale.

Nikaichomoa betri tena nikaenda kunawa. Niliporudi nilimkuta paka.

Mji wa Kale paka ni raia, wana haki zao. Huyu alikuwa wa rangi ya tangawizi, sikio moja nusu, na alikuwa amepanda juu ya gazeti langu akilamba msumeno. Analamba kwa bidii, amefumba macho, pale pale kwenye mdomo wa tangi. Nikamfukuza. Akarudi. Nikamfukuza kwa kandambili. Akakaa umbali wa hatua chache akinitazama kama mimi ndiye mwizi.

"Tangu juzi uani kwanuka samaki," nikasema. "Nilidhani ni wa jirani."

"Hata mie nlidhani ni wao," mama akasema, akiendelea kukuna.

Nikakaa chini. Nimefungua mashine nyingi na nimeona paka wengi, na sijaona paka anayelamba oili ya injini. Nikachovya kidole ndani ya tangi nikanusa, halafu nikageuza uso haraka. Nikapinda ncha ya waya ikawa kama ndoano, nikaiingiza kwenye tangi nikalivuta bomba laini la ndani. Mwishoni mwa bomba lile kuna chujio dogo kama kichwa cha kiberiti kikubwa. Lilipotoka halikuwa chujio tena. Lilikuwa limevikwa ngozi, utando wa rangi ya kahawia, mzito, unanata kama gundi ya seremala iliyoanza kukauka. Nikaukwaruza kwa kucha ukatoka kipande kizima.

"Mama," nikasema, "hii mashine uliitia mafuta gani?"

"Si nshakwambia. Sifa."

"Sifa."

"Sifa, ndiyo. Weye husikii?"

"Mimi nilidhani waisifu."

Akaacha mbuzi ya nazi. "Niisifu? Kwani ni bi harusi?"

Halafu akaanza kucheka, na kicheko chake kilikuwa cha mtu ambaye hajacheka kwa miezi, kikamtoa machozi akajifuta kwa ncha ya leso. Akainuka, akaingia ndani, akatoka na chupa ya zamani iliyozibwa kwa kitambaa. Mumewe alikuwa fundi wa vyombo vya baharini. Chupa ilikuwa yake. Ndani mlikuwa na sifa yenyewe, mafuta ya maini ya papa, yale ambayo mafundi wa vyombo hupaka mbao ili maji ya chumvi yasiziingie. Mtoto wa mshona viti kama mimi nililijua neno lile kwa kusikia tu, kama nijuavyo majina ya miji ambayo sijafika. Sikuwahi kulinusa.

"Mwanangu kapiga simu," akaeleza. "Kanambia, mama, usiitie mafuta ya kupikia, usiitie ya taa, itie mafuta ya msumeno wa mti. Simu yakatika-katika. Mie nimesikia mafuta ya mti. Haya, niambie weye, katika nyumba hino mafuta ya mti ni yepi mengine?"

Katika nyumba ile, kweli hayakuwapo mengine.

Nikamweleza nilichokiona. Sifa ikipakwa mbao hukauka ikawa ngozi, na ngozi ile ndiyo kinga. Humo mwilini mwa msumeno ilifanya kazi ile ile iliyozoea kufanya, ilikauka, ikavika chujio, ikaziba koo la pampu. Haikukosea. Ilipelekwa pasipo pake.

"Basi mjinga ni mashine," akasema. "Sifa imelinda vyombo vya watu mpaka Uajemi."

"Mjinga ni mashine," nikakubali.

"Na itapona?"

Hapo alikuwa haulizi tena mambo ya mashine. Mikono yake ilikuwa imetulia juu ya chupa. Nikasema itapona, na nilisema kwa ukali kuliko nilivyokuwa na hakika.

Nikamwaga ile sifa yote kwenye kopo, mama akalichukua, hatupi kitu yule. Nikatia mafuta ya taa ndani ya tangi, nikatikisa, nikaacha yakae, nikamwaga. Yalitoka ya rangi ya chai. Nikatia tena. Chujio nikaliroweka kwenye kikombe kilichovunjika mkono, nikalisugua kwa mswaki wa zamani mpaka wavu wake ukaonekana. Bomba nikalipuliza kwa mdomo, nikapata ladha ambayo kahawa ya siku ile haikuiondoa. Kisha nikarudisha kila kitu, nikatia mafuta mapya ya taa kidogo, nikaendesha mashine ikiwa uchi, huku nimeuinamia ule mdomo mdogo wa pampu.

Kavu. Nikazima, nikangoja. Nikaendesha. Kavu.

Shemeji alipita mlangoni akachungulia. Akavuta pua, akaenda zake. Kule kuvuta pua kuliniudhi kuliko maneno.

Nikamwaga, nikatia mengine, nikaacha mpaka baada ya alasiri. Paka akalala. Nilipoendesha tena kilitoka kipande cha utando, chembamba kama ganda la kitunguu, halafu tone, halafu matone. Nikakausha tangi, nikatia mafuta mazito ya minyororo niliyouziwa na yule mzee wa Bondeni, nikafunga upanga na mnyororo, nikashika kadibodi mbele ya ncha.

Ukachoreka mstari. Mweusi, mwembamba, umenyooka, kama wanja.

Mama akaichukua ile kadibodi akaitazama kwa karibu na kwa mbali. Akaiegemeza dirishani kwake, na mpaka nilipohama ilikuwa pale.

Mti niliukata taratibu, matawi kwanza, kila tawi nimelifunga kamba na kulishusha uani. Nilikuwa natazama mafuta kila nilipobadilisha betri, yakipungua kama yanavyotakiwa, na mnyororo uking'aa kwa unyevu. Kitu kimoja nilikiogopa, jiwe. Mnyororo ukigusa tumbawe meno yake yameisha. Kwa hiyo pale karibu na ukuta niliacha kisiki cha upana wa kiganja nikakimalizia kwa patasi. Kunguru walikuja wakapiga kelele juu ya antena ya jirani, wakanitukana siku nzima. Niliwajibu mara moja tu.

Alhamisi akaja mwashi, akatia mawe madogo na chokaa ndani ya ufa mpaka ukafunga. Ukuta ukabaki na kovu jeupe kutoka juu mpaka dirishani. Si mzuri. Umesimama.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, mimi nilikuwa bado juu ya paa nikifagia. Nikasikia kichochoro kimeanza kulalamika. Mtu akasema laa ilaha, mwingine akauliza ni nini hiki. Harufu ikapanda mpaka kwangu. Nikainama ukingoni nikaona.

Mama alikuwa nje kwenye mlango mkubwa wa mbele, kibao chake amekileta, lile kopo la sifa miguuni na kitambaa mkononi. Alikuwa anaupaka mlango. Amejaza michongo yote, amepaka miimo, amepaka mpaka pete za shaba. Shemeji alikuwa amesimama mbele yake na mgeni wake, mtu mnene mwenye kanzu ya krimu, kitambaa kipo puani.

"Nini hiki?" shemeji akauliza.

"Sifa. Mlango wangu nausifu."

"Leo? Wajua leo nina mgeni."

"Nlijua. Ndiyo sababu nikaupamba."

Mgeni akasema kitu kwa sauti ya chini. Shemeji akamwinulia mkono, ngoja. "Wazee walisema mti."

"Mti uko wapi?" mama akasema. "Tazama juu. Yule ni mpangaji wangu, si mti."

Nikapunga fagio.

Shemeji aliinua uso akatazama muda mrefu, anga tupu juu ya ukuta, mahali ambapo tangu yeye ni kijana palikuwa na majani. "Mizizi bado imo ukutani," akasema hatimaye.

"Imo," akasema mama. "Na mie nimo."

"Itachipua."

"Ikichipua, msumeno upo. Na mafuta yake nshayajua."

Mgeni alikuwa ameshapiga hatua mbili kurudi nyuma, na kichochoro hakina nafasi ya kurudi nyuma bila kugeuka, kwa hiyo akageuka. Shemeji akabaki peke yake na kanzu yake nyeupe.

"Karibu ndani, shemeji," mama akamwambia, kwa adabu yote. "Wali u tayari. Ukuta uutazame kwa karibu, uwapelekee wazee habari. Sukuma mlango."

Akautazama mlango, ulivyong'aa na kuchuruzika. Akatazama mikono yake. Pale chini, yule paka wa sikio nusu alikuwa ameshaanza kulamba kizingiti.